Jinsi ya Kuchagua Dawa ya Kibayolojia ya Baridi Yabisi Ukiwa Mombasa: Mwongozo Kamili

Kila ninapokaa kwenye benchi la kliniki nikimsubiri mama yangu, ambaye mimi mwenyewe humchoma sindano zake nyumbani kwetu Kisauni, husikia kisa kile kile kwa midomo tofauti. Mgonjwa ameambiwa kwamba vidonge havimtoshi tena, jamaa yake aliye Dubai amemtajia dawa iliyomfaa, familia imechanga, sindano tatu zimenunuliwa, kisha mambo yakakwama: ama pesa zimekwisha, ama kikohozi kimeanza, ama dawa imeharibika kwa joto.

Aghalabu dawa yenyewe haina kosa. Jina lake lilichaguliwa kwanza, ilhali lilipaswa kuchaguliwa baada ya kifua, damu, friji na mfuko kuchunguzwa. Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa utaratibu huo, na ninakuomba usiruke hata moja.

Dawa za kibayolojia ni protini zinazotengenezwa kwa kutumia chembe hai. Kwa kuwa tumbo lingezisaga kama linavyosaga nyama, hazimezwi. Huchomwa chini ya ngozi au hupitishwa mshipani kwa dripu. Majina ya dawa nimeyaandika kama yanavyoandikwa kwenye boksi, ili uweze kuyalinganisha mwenyewe dukani. Uamuzi wa mwisho ni wako pamoja na daktari bingwa wa viungo. Madaktari hao ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi, kwa hiyo ukimpata, dakika zako ishirini mbele yake zisipotee kutafuta karatasi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Faili moja lenye majibu yote ya maabara (RF na anti-CCP, ambavyo hutafuta kingamwili za ugonjwa huu, na ESR na CRP, ambavyo huonyesha uvimbe mwilini) pamoja na picha za eksirei za mikono na miguu.
- Orodha ya kila dawa uliyowahi kutumia, kipimo chake, muda wake na sababu ya kuiacha. Weka humo pia dawa za miti shamba na zile sindano za maumivu za duka la dawa la mtaani, kwa sababu baadhi yake huwa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe ambazo pia hushusha kinga.
- Uzito wako wa sasa, uliopimwa kwa mizani wala si wa kukisia.
- Daftari la kurasa nyingi.
- Kipimajoto kidogo cha friji, na kikasha cha baridi mfano wa kile wanachobeba wauza aiskrimu, pamoja na pakiti zake za barafu.
- Kadi ya bima na nambari yako ya SHA, bima ya afya ya serikali.

Zaidi ya hayo, mtafute mtu mmoja wa nyumbani atakayejifunza kuchoma sindano, maana siku ambayo vidole vimevimba hutaweza kuifungua hata boksi.

## Hatua ya 1: Hakikisha vidonge vimepewa nafasi ya haki

Dawa ya msingi ya baridi yabisi ni methotrexate, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile, na kusindikizwa na folic acid siku nyingine. Nimekutana na wagonjwa wanaosema kwamba imeshindwa, kumbe kwa miaka miwili wamekuwa wakimeza miligramu 7.5, yaani vidonge vitatu vya 2.5, na hakuna aliyewaongezea. Ikiwa figo na ini vinaruhusu, kipimo hupandishwa polepole kuelekea miligramu 20 hadi 25 kwa wiki, na huhitaji miezi mitatu hadi sita kabla ya kuhukumiwa.

Onyo: Methotrexate haimezwi kila siku. Kosa hilo limeua watu duniani kote. Iandike siku yako kwa kalamu nzito juu ya boksi.

Hakikisha pia kwamba ugonjwa wenyewe ni huu. Jongo, pamoja na magoti yaliyochakaa kwa umri, huuma sana, lakini hayatibiwi kwa dawa ninazozieleza hapa.

Hatua hii imekamilika pale daktari anapoandika kwenye faili kwamba methotrexate, peke yake au pamoja na nyingine kama sulfasalazine, leflunomide au hydroxychloroquine, ilitumiwa kwa kipimo cha kutosha na kwa muda wa kutosha, na haikulifikia lengo, yaani utulivu au ugonjwa mdogo (namba zake ziko Hatua ya 2). Karatasi hiyo ndiyo bima itakayoidai kwanza.

## Hatua ya 2: Ugeuze ugonjwa uwe namba

Ukimwambia daktari kwamba unaumwa sana, hana cha kulinganisha baada ya miezi mitatu. Kipo kipimo kiitwacho CDAI ambacho hakihitaji maabara. Huhesabiwa viungo 28: mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, magoti 2 na viungo 20 vya vidole vya mikono. Kwanza hesabu vinavyouma vikibonyezwa, kisha vilivyovimba, halafu ongeza alama unayoupa ugonjwa mwenyewe kuanzia 0 hadi 10, na alama ya daktari kuanzia 0 hadi 10.

Jumla isiyozidi 2.8 ni utulivu kamili. Isiyozidi 10 ni ugonjwa mdogo. Isiyozidi 22 ni wa wastani. Inayozidi hapo ni mkali. Kabla ya kuanza, mama yangu alikuwa na viungo 9 vinavyouma na 7 vilivyovimba, yeye akajipa 6 na daktari akampa 6, jumla 28. Nyayo hazimo katika hesabu hii, kwa hiyo zikikusumbua ziandike pembeni.

## Hatua ya 3: Chunguza kifua na damu

Hapa ndipo ninapoomba subira kuliko mahali pengine popote. Kundi la dawa linalotumiwa zaidi huzuia kitu mwilini kiitwacho TNF, ambacho huwasha uvimbe viungoni. Lakini TNF hiyo hiyo ndiyo inayojenga ukuta unaowafungia vijidudu vya kifua kikuu mapafuni. Mtu anaweza kuishi na vijidudu vilivyolala kwa miaka bila kukohoa hata mara moja. Ukuta ukibomolewa, huamka, na mara nyingi huenea nje ya mapafu. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kipimo hiki ni cha kupoteza muda.

Utahitaji picha ya kifua, pamoja na kipimo cha ngozi cha Mantoux au kipimo cha damu cha IGRA. Fahamu udhaifu wa kila kimoja. Mantoux inaweza kuonyesha chanya kwa sababu ya chanjo ya BCG uliyochanjwa utotoni, na vyote viwili vinaweza kuonyesha hasi ya uongo ikiwa unatumia prednisolone, aina ya steroidi, kwa wingi. Kwa hiyo mweleze daktari pia ni nani nyumbani, kazini au chuoni aliyewahi kuugua TB, hata kama ni miaka kumi iliyopita. Watu huficha jambo hili kwa haya, na haya hiyo ina gharama.

TB iliyolala ikigunduliwa, hutibiwa kwanza, kwa mfano kwa isoniazid ya miezi sita au zaidi, au kwa isoniazid na rifapentine ya kila wiki kwa miezi mitatu. Mara nyingi dawa ya kibayolojia huruhusiwa baada ya mwezi mmoja wa tiba hiyo, na huna haja ya kusubiri hadi tiba iishe. Dawa za TB hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi ajue kwamba rifampicin na rifapentine hudhoofisha vidonge hivyo.

Pamoja na kifua, pima homa ya ini ya aina B na C, virusi vya UKIMWI, hesabu kamili ya damu, ini na figo. Kwa homa ya ini ya B, omba HBsAg na anti-HBc zote mbili, kwa sababu virusi vinaweza kujificha hata baada ya mtu kuonekana amepona, na dawa ya rituximab hasa huweza kuviamsha kwa ukali.

Mafanikio ni karatasi yenye tarehe na sahihi inayosema kwamba uko salama kuanza, au kwamba umeanza tiba ya kinga na unaweza kuchomwa kuanzia tarehe fulani.

## Hatua ya 4: Maliza chanjo mapema

Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, ya surua na ya polio ya matone, hazifai baada ya kuanza dawa hizi. Ikiwa safari yako inahitaji cheti cha homa ya manjano, zungumza na daktari wiki kadhaa kabla ya sindano ya kwanza. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayotakiwa kwa wanaokwenda Hija haina vijidudu hai, wala zile za mafua za sindano na za nimonia, na unaweza kuchanjwa. Kwa atakayepewa rituximab, zitangulie kwa wiki nne, maana baada yake mwili hauzijibu vizuri.

Jambo moja linasahauliwa mno. Hapa kwetu mtoto huchanjwa BCG na kupewa matone ya polio siku za mwanzo kabisa za maisha. Ikiwa mama alichomwa dawa ya kibayolojia katika miezi ya mwisho ya ujauzito, dawa hiyo inaweza kuwa bado imo katika damu ya mtoto, na BCG ikawa hatari kwake. Andika jambo hili kwa herufi kubwa kwenye kijitabu cha kliniki kabla ya kuingia chumba cha kujifungulia, kwa sababu muuguzi wa zamu hatajua.

## Hatua ya 5: Linganisha mwili wako na makundi ya dawa

Sasa ndipo majina yanapoingia. Kwa mgonjwa wa kawaida wa baridi yabisi, makundi haya yanakaribiana kwa nguvu, hivyo kinachoamua ni magonjwa mengine uliyo nayo.

Vizuizi vya TNF ni adalimumab, etanercept, infliximab, golimumab na certolizumab pegol. Ndivyo vyenye uzoefu mrefu zaidi na baadhi yake vina dawa mfanano, yaani zile zilizotengenezwa kufuata dawa ya mwanzo ya kampuni iliyoibuni baada ya hati miliki kwisha, zikathibitishwa kwamba hazitofautiani nayo kwa ubora na usalama, na zikauzwa kwa bei ya chini. Usizidharau, mama yangu hutumia mojawapo. Ila vizuizi vya TNF havimfai mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi kwa kiwango kikubwa, wala mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoitwa multiple sclerosis.

Ikiwa uliwahi kuugua TB, au hofu yake ni kubwa, daktari anaweza kupendelea rituximab au abatacept, ambazo hatari yake kwa upande huo ni ndogo. Rituximab hufanya kazi vizuri zaidi kwa wenye RF au anti-CCP chanya, na hutazamwa pia kwa aliyewahi kuwa na saratani ya tezi za limfu.

Ikiwa methotrexate imekukataa kabisa, tocilizumab ndiyo hufaa zaidi kutumiwa peke yake. Lakini ina tabia ya kushusha CRP na homa hata pale ambapo maambukizi yapo, hupandisha kolesteroli, na haimfai aliyewahi kuwa na vidonda au vifuko vilivyovimba kwenye utumbo mpana.

Kwa anayepanga ujauzito, certolizumab pegol ndiyo inayopita kidogo zaidi kwenye kondo la nyuma. Methotrexate, hata hivyo, lazima iachwe kabla ya mimba, na kwa kawaida huhesabiwa miezi mitatu.

Ikiwa ugonjwa wako umekaa zaidi kwenye uti wa mgongo, au unaandamana na soriasisi, una chaguo la ziada kama secukinumab. Ikiwa jicho lako huvimba kwa ndani mara kwa mara, etanercept si chaguo zuri.

Vipo pia vidonge kama tofacitinib, ambavyo si vya kibayolojia lakini hushindana navyo. Havihitaji friji, na hilo ni jambo kubwa kwetu. Hata hivyo mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, mvutaji sigara, au mwenye historia ya moyo na ya damu kuganda, ajaribu njia nyingine kwanza. Kipimo cha TB hakiepukiki hata hapa.

Onyo: Dawa mbili za kibayolojia hazitumiwi kwa pamoja.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya mwaka mzima

Ukiuliza bei ya sindano moja, jibu litakudanganya. Uliza ya miezi kumi na miwili. Etanercept ya miligramu 50 kila wiki ni sindano 52. Adalimumab ya miligramu 40 kila baada ya wiki mbili ni 26. Golimumab ya kila mwezi ni 12. Rituximab hutolewa dripu mbili za miligramu 1000, zikipishana wiki mbili, na huweza kurudiwa baada ya takriban miezi sita. Kwa dawa hii huna friji ya kulinda nyumbani, lakini fedha hutakiwa kwa mkupuo.

Kwa infliximab, uzito wako ndio bei yako. Kipimo cha kuanzia ni miligramu 3 kwa kila kilo, na kichupa kimoja kina miligramu 100. Mwenye kilo 64 huhitaji miligramu 192, yaani vichupa viwili. Mwenye kilo 70 huhitaji 210, yaani vichupa vitatu. Dripu zake huwa wiki ya 0, ya 2, ya 6, kisha kila wiki nane, jumla nane katika mwaka wa kwanza. Ongeza gharama ya kitanda cha siku hiyo, ya vipimo vya damu na ya nauli.

Ulizia SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, pamoja na bima yako ya kazini ikiwa ipo, na utake jibu la maandishi lenye jina la dawa, idadi ya dozi na ukomo wa fedha kwa mwaka. Jibu la mdomo dirishani halitakusaidia mwezi wa tano.

Nunua katika duka linaloweza kukuonyesha kwamba dawa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na mwombe mfamasia akuhakikishie mzigo wa miezi mitatu ijayo. Ikiwa fedha za miezi sita hazionekani popote, ni afadhali kusubiri na kuendelea na vidonge kuliko kuanza na kukatiza, kwa sababu mwili ulioonjeshwa dawa kisha ukanyimwa unaweza kuitengenezea kingamwili, na siku ukirudi kwayo haitafanya kazi kama mwanzo.

## Hatua ya 7: Ilinde dawa na joto la Pwani

Dawa hizi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Maelezo ya adalimumab ya kampuni iliyoibuni huruhusu ikae nje hadi siku 14 mahali pasipozidi nyuzi 25, na wengi husoma hapo wakatulia. Lakini mchana wa Februari na Machi joto la Mombasa hupita nyuzi 30. Kile ambacho karatasi hukiita joto la chumbani, kwetu hakipo bila kiyoyozi.

Weka boksi katikati ya rafu ya friji. Usiliweke mlangoni, ambako joto huingia kila mtoto anapotafuta maji, wala karibu na kisanduku cha barafu. Hilo la pili nililijua kwa hasara. Asubuhi moja nilitoa boksi nikakuta karatasi ya maelezo imelowa na kushikana, na ndani ya bomba la sindano mlikuwa na vipande vyembamba vya barafu kama ganda la yai. Kufikia adhuhuri vilikuwa vimeyeyuka na dawa ikaonekana safi kama maji. Mtu asiyejua angeichoma. Protini iliyoganda huharibika umbo lake na hairudi, na mfamasia alinithibitishia kwamba sindano zote mbili ni za kutupwa. Siku hiyo ndiyo niliyonunua kipimajoto.

Umeme ukikatika, usiifungue friji, na usome kipimajoto unapowaka tena. Kwa safari, iwe ni kuvuka feri ya Likoni au kusafirisha dawa kwa treni kutoka Nairobi hadi Miritini, tumia kikasha cha baridi na uzungushe kitambaa kati ya dawa na pakiti za barafu, ili zisigusane. Usiache kikasha ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa swala moja.

## Hatua ya 8: Sindano ya kwanza

Ya kwanza ichomwe mbele ya muuguzi, nawe ukitazama. Itoe dawa kwenye friji dakika 15 hadi 30 mapema, kwa sababu ikiwa baridi huuma zaidi. Usiitikise, usiipashe kwa maji moto. Tazama kama rangi yake inalingana na maelezo na kama haina chembechembe. Choma pajani au tumboni, vidole vitatu mbali na kitovu, na ubadilishe mahali kila mara. Sindano iliyotumika itie kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, ukirudishe hospitali. Usikitupe kwenye jaa ambalo watoto hupekua.

Wengi huniuliza kuhusu Ramadhani. Dawa ya kila wiki au ya kila baada ya wiki mbili unaweza kuipangia usiku baada ya futari bila kuathiri tiba. Kuhusu dripu ya mchana, muulize sheikh wako mapema, umweleze saa na muda wake.

Wekundu na mwasho mdogo mahali pa sindano kwa siku chache ni wa kawaida. Kuvimba midomo au kushindwa kupumua ni dharura, nenda hospitali papo hapo.

## Hatua ya 9: Hukumu kwa daftari

Usiache methotrexate kwa sababu umeanza kujisikia vizuri, isipokuwa daktari amesema; ndiyo inayouzuia mwili kuikataa dawa mpya, hasa infliximab na adalimumab.

Fika kwa daktari mwezi wa tatu ukiwa na CDAI mpya. Namba isiposhuka kwa kiasi cha kuonekana, au mwezi wa sita lengo lisipofikiwa, dawa hubadilishwa, na mara nyingi ni busara kuhamia kundi jingine. Rituximab ipewe subira zaidi, kwani huweza kuchukua miezi minne au zaidi.

Ukipata homa, ruka sindano na uonwe na daktari kwanza. Hapa Pwani homa hudhaniwa kuwa malaria na watu hununua dawa dukani. Pima malaria, naam, lakini usiishie hapo. Mwambie kila anayekutibu kwamba unatumia dawa inayopunguza kinga. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda, macho ya manjano au mkanda wa jeshi haviwezi kusubiri kliniki ijayo. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino, mweleze daktari ili dozi ipangwe upya.

Ukikaa kwenye lengo kwa miezi sita au zaidi bila steroidi, unaweza kumuuliza daktari kuhusu kupanua nafasi kati ya dozi. Mama yangu alishuka kutoka 28 hadi 14 mwezi wa tatu, kisha 6 mwezi wa sita. Sasa daktari amemruhusu achomwe kila baada ya siku 21 badala ya 14, na viungo vyake 28 bado tunavihesabu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, ili namba ikianza kupanda turudi kwenye siku 14 kabla vidole havijavimba.